Springi za Pikapu Kwenye Gari la Haonga

Vijana wa spana, nawaandikia nikiwa nimesimama. Mgongo ulionitoa gereji ndio huo huo unaonikataza kukaa kitini zaidi ya robo saa, na hata kabla ya mgongo sikuwa mtu wa kukaa. Sijafika hamsini, ila pale Tunduma mnaniita mzee. Sawa. Nimefunga injini Tunduma, Vwawa na Mlowo, nikavuka kwenda Nakonde, nikarudi, nikaenda Momba kutengeneza trekta, kazi ya siku mbili, nikakaa mwaka mzima. Kisanduku changu cha spana kimelala mahali pengi kuliko begi la mhubiri. Sasa nimekigawa. Nilichobaki nacho ni miguu isiyotulia na makosa yangu, na makosa ndiyo ninayotaka kuwapa, maana spana mtajinunulia wenyewe.

Mnaniuliza sana kuhusu magari ya zamani yenye mbio. Nawaona mnavyoyazunguka: saluni za Kijapani za milango minne, silinda sita kwa mstari, turbo, gia za mkono, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mnataka kuyaongezea nguvu. Kila mmoja ananiuliza, "Mzee, tufunge turbo kubwa?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza bushi zina umri gani. Kwa hiyo kaeni chini, nyie mnaoweza kukaa, niwaeleze gari la Haonga.

Haonga ni mkulima wa kahawa wa Iyula, rafiki yangu tangu tulipokuwa sekondari pamoja. Gari lake lilikuwa la namna hiyo, la rangi ya fedha, na alilipenda mpaka ikawa aibu kidogo. Ndilo lililomrudisha mke wake nyumbani na mtoto wao wa kwanza, Atupele. Ndilo alilokuwa akiliosha Jumamosi kwa maji ya kuteka wakati ng'ombe wanasubiri. Mke wake, Mama Atu, ni Mndali wa Mbebe, mwanamke ambaye akisema neno hurudii kumuuliza. Pikapu ya shamba yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha, na magunia ya mbolea na kila kitu. Saluni ilikuwa ya mume.

Sasa, mnajua tabia yetu sisi watu wa Mbozi. Mtu akinunua gari, kabla hajalizoea, anakwenda kwa fundi na kusema, "Liinue." Barabara za mashambani zina mifereji, na msimu wa kahawa ukifika hata saluni inabebeshwa magunia. Haonga alikuja kwa fundi akasema liinue nyuma. Fundi akachukua springi ngumu za pikapu, akazikata kidogo, akazifunga. Gari likasimama makalio juu kama bata anayetafuta kitu kwenye tope. Wote tukalisifia. Fundi huyo nilikuwa mimi.

Lilitembea hivyo miaka. Halafu Jumapili moja ya mvua, wakielekea ibadani Mbozi Mission, kwenye kona wanayoipita kila wiki, nyuma ya gari ikaamua kwenda mbele. Halikugonga mtu. Lilizunguka, likaingia kwenye mibuni ya watu, likazimika. Mama Atu aliisimulia kwa sentensi moja, na nadhani Iyula nzima wanaijua: "Tulikuwa tunakwenda kanisani, tukajikuta tunatazama nyumbani."

Kuanzia siku hiyo hakuliingia tena. Alitembea, alipanda bodaboda, aliendesha pikapu. Haonga akawa anakwenda ibadani peke yake na gari lake zuri, mke anafika baadaye kwa bodaboda, viatu vina tope, na watu wanaangalia. Mwisho akampa mumewe neno. Kuna mfanyabiashara wa Nakonde aliyekuwa akilitaka gari lile siku nyingi, na alikuwa amesema atakuja mavuno yakiisha. "Kabla hajafika," Mama Atu akasema, "unipeleke Mbebe kwa dada yangu na kunirudisha, bila mimi kushika mlango kwa woga. Ukiweza, gari libaki. Ukishindwa, huyo mtu aondoke nalo."

Haonga alinipigia simu nikiwa njiani kwenda Chitipa, bila sababu yoyote ya maana. Nilishuka, nikageuza.

Nataka mwelewe kitu kabla sijaendelea. Zile springi zangu zilikuwa na maana kubwa kuliko urefu. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukiliinua nyuma na kuikaza, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanakanyaga barabara kwa woga. Pakiwa pakavu hujui. Pakilowa, dereva akitoa mguu ghafla kwenye mafuta katikati ya kona, nyuma inaondoka. Dereva atasema ameteleza. Fundi atakubaliana naye haraka sana.

Nilimwambia Haonga ukweli nikiwa chini ya gari, maana huko ni rahisi kusema. "Kaka, kilichowazungusha ni hizi springi nilizokufungia."

Nikaona viatu vyake tu.

"Mwambie mwenyewe," akasema.

Nilikwenda jikoni, nikamwambia. Mama Atu alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Shemeji," akasema, "nilijua ni fundi au ni Haonga. Nashukuru umejitokeza. Haonga naye bado sijamfuta kwenye lawama."

Basi nikaanza. Springi sahihi niliagiza, ndefu kidogo tu kuliko za kiwandani, kwa ajili ya mifereji. Shokapu mpya nne, za kuweza kukazwa na kulegezwa kwa mkono. Bushi zote mpya: hizo ni zile pete za mpira zinazoshika mikono ya magurudumu isigongane na chuma cha bodi. Za zamani zilikuwa zimekauka, ukizibonyeza kwa kidole zinapasuka kama mkate wa juzi. Nikazitoa, nikafunga mpya, nikakaza kila nati kwa nguvu zangu zote. Niliona fahari. Haonga akaenda nalo Vwawa akarudi anacheka.

Wiki tatu baadaye lilikuwa linarukaruka, na kwenye kona usukani unavuta upande. Mama Atu hakulipanda, alilitazama tu likiingia uani. "Linatembea kama mtu aliyebadilisha viatu miguu," akasema. Nililiweka juu ya shimo la kufanyia kazi tulilochimba pale uani. Bushi mpya, za wiki tatu, zilikuwa zimechanika.

Hapo nilitaka kukimbia. Sitawaficha. Kila kazi iliyonishinda maishani nimeikimbia kwa kupanda lori, na malori kwetu hayakosekani. Nilifika mpaka Tunduma, nikavuka, na pale Nakonde nikaenda kwa mtu niliyekuwa nikimwogopa: Bashi Mwila, fundi wa malori, Mbemba, mwenye mikono kama makasia na sauti ya chini. Nilifanya kazi kwake zamani na niliondoka bila kuaga.

"Awe, iwe!" akasema aliponiona. Hapana, wewe! "Umekuja kuchukua mshahara wa siku uliyotoroka?"

"Nimekuja kukuonyesha bushi."

Akaipokea, akaigeuza mara moja. "Ulikazia gari likiwa juu."

"Nilikuwa nimelipandisha kwenye jeki, ndiyo. Wote tunafanya hivyo."

"Wote mnafanya hivyo, ndiyo maana wote mnanunua bushi kila siku." Akashika kiganja changu, akakikunja kwa nguvu mpaka nikainama. "Inauma? Hivyo ndivyo ulivyoiacha. Magurudumu yakining'inia, mkono umeshuka. Unakaza nati, mpira unashikwa hapo hapo. Ukishusha gari, mkono unapanda, mpira unajinyonga. Unasimama umejinyonga, unatembea umejinyonga. Utaacha kuchanika?"

"Sasa nikaze vipi? Gari likiwa chini siingii."

"Una shimo. Liweke juu ya shimo, likanyage kwa matairi yake. Na liwe na uzito wa watu wanaolipanda. Nani analipanda?"

"Mume na mke. Mke ndiye tatizo."

"Mke siku zote ndiye mwenye gari, mukwai, bwana wangu. Weka mzigo wa mke."

Andikeni hilo popote mnapoandika: bushi hukazwa gari likiwa limesimama chini, na uzito wake wa kila siku umo ndani. Sikufundishwa shuleni, na nilikuwa na miaka kumi na tano kazini nikiharibu bushi za watu. Najiuliza ni wangapi walinunua gari jipya kwa sababu ya mkono wangu.

Nilirudi Iyula na bushi nyingine. Tukaliweka gari juu ya shimo. Haonga akaleta mahindi, tukapakia gunia kiti cha dereva na jingine kiti cha mbele cha kushoto. Mama Atu akatoka nje kuona kelele ni za nini.

"Hilo gunia la kushoto ni nani?"

Haonga akajifanya anatafuta spana.

"Ni wewe, shemeji," nikasema.

Akalizunguka gari. Akalibonyeza gunia. "Lina kilo mia. Mimi nina kilo mia?"

"Si kwamba..."

"Punguzeni debe moja na nusu." Akaondoka, halafu akarudi mlangoni. "Moja tu. Nusu iacheni."

Nilikaza nati zote nikiwa shimoni, mahindi yamekaa juu yangu kwa heshima kama wazee wa kanisa. Na tangu siku ile gari lile halijachana bushi.

Lakini gari kusimama vizuri kwenye kona ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni liwe linafika. Nyie mna simu, mna vipimo vya kompyuta, na nawaonea wivu. Ila nimewaona mkirudia ujinga wetu mmoja kwa ari mpya. Nazungumzia themostati, kile kijimlango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Sisi tuliking'oa kwenye kila gari lililotujia. "Hii nchi ya joto," tulisema, na tunasema hivyo tukiwa tumevaa makoti mawili, ukungu wa Mbozi umetanda mpaka hatuonani. Injini inazunguka baridi kutwa nzima. Inadhani bado asubuhi, inajimiminia petroli, petroli inaosha oili, na baada ya mwaka mwenye gari anaambiwa injini imechoka. Haijachoka. Haijawahi kuamka.

Kwa hiyo kwenye gari la Haonga nilirudisha themostati. Nikaweka rejeta nene ya alumini, mipira mipya ya maji, na kulanti ya rangi ya dukani badala ya maji ya kisima yaliyokuwa yameacha magadi ndani kama sufuria ya kuchemshia chai. Nikabadilisha nyaya za mfumo wa kuwasha zilizokuwa zimeungwa kwa mkanda wa plastiki na matumaini. Mpira unaopeleka oili kwenye turbo nao mpya, kwa sababu ule ukipasuka hutapata muda wa kusikitika. Mafuta ya breki nikayamwaga yote, yalikuwa meusi kama kahawa ya matanga. Turbo yenyewe sikuiongeza hata kidogo. Haonga aliniuliza kama mara nne. Mara ya nne nikamwambia amuulize Mama Atu.

Na matairi! Alikuwa na matairi ya aina tatu kwenye magurudumu manne, mawili ya mtumba. Kila tairi ubavuni lina tarakimu nne, wiki na mwaka lilipotengenezwa. Zisomeni kabla hamjasoma bei. Tairi linaweza kuwa na meno yote kama kijana na huku mpira umekufa. Tulifunga manne ya aina moja, kisha nikampeleka kwenye mashine ya kunyoosha magurudumu, na hapo nikawa sina kingine cha kufanya. Siku mbili nililizunguka tu nikipangusa mahali pasafi. Mikono yangu haikujua iende wapi.

Yule mtu wa Nakonde akapiga simu kwamba anakuja Jumamosi. Haonga akamwambia mkewe, "Basi twende Mbebe asubuhi hiyo hiyo." Mama Atu akavaa kitenge chake kizuri, akakaa mbele kushoto, akaweka mikono miwili juu ya mkoba. Mimi nikakaa nyuma katikati nikiwaona wote wawili.

Kulikuwa na manyunyu. Tulishuka mpaka Mpemba, tukashika njia ya Ileje, na milima ikaanza. Vijana, sijui kama mmewahi kukaa ndani ya gari mlilolitengeneza na likafanya kila mlichoomba. Kona ya kwanza likaipita limekaa chini. Ya pili likaipita hivyo hivyo, halikuyumba, halikulia. Haonga akanitazama kwenye kioo, macho yamelowa. Mama Atu mikono bado ipo kwenye mkoba. Nikaanza kuhesabu kona kimoyomoyo. Nikafika kumi na moja.

"Simamisha," akasema Mama Atu.

"Kuna nini?"

"Simamisha gari, Baba Atu."

Akasimamisha. Breki zilishika kwa utulivu, na hata wakati ule nilijisifu. Mama Atu akafungua mlango, akafungua mwamvuli, akaanza kupanda mlima kwa miguu.

"Hakushika mlango!" Haonga akaniambia. "Umeona? Hakushika mlango hata mara moja!"

"Ulikuwa unakwenda spidi ngapi?"

Akatazama dashibodi kana kwamba mshale utakumbuka. Nami, niliyekuwa nimekaa katikati nikiona kila kitu, sikuwa nimeutazama hata mara moja. Ila nikageuka, nikaona nyuma yetu lori la mbao tulilolipita bondeni, dogo kama kiberiti.

Haonga alishuka akamkimbilia. Mimi nikahamia kwenye usukani, maana gari lilikuwa katikati ya njia, nikawafuata taratibu kwa gia ya kwanza. Kipimo kigumu kuliko vyote kwa injini ya turbo ni hiki: mlima, mwendo wa mtu anayetembea, hakuna upepo wa kupoza. Magari mengi ya aina ile yangechemka pale. Kioo nilikuwa nimekishusha, nikawa nasikia kila neno.

"Mama Atu, halikuteleza!"

"Halikuteleza."

"Halikupiga kelele!"

"Ndiyo ninachokwambia. La zamani lilikuwa likikupigia kelele, unaogopa, unapunguza. Hili limenyamaza. Uliona ule msalaba wa mti, wa aliyefia pale kwenye kona?"

"Msalaba gani?"

"Tumeupita. Mimi nilitaka kulisoma jina, nikakuta umeshapita."

Walikwenda hivyo, yeye na mwamvuli, Haonga pembeni yake analowa. Nami nyuma yao nikijiona mjinga polepole. Nilikuwa nimeondoa kila kitu kilichokuwa kinamwonya rafiki yangu: mtetemo, mlio, usukani kuvuta. Nilimpa gari la kisasa, na dereva nikamwacha yule yule wa miaka ile, aliyezoea kupunguza mwendo pale gari linapolalamika. Hakuna anayewafundisha hili. Ukilitengeneza gari vizuri, mwendo unajificha. Kabla hujakabidhi ufunguo, kaa na mtu, mwambie ana kitu kipya mkononi, mfanye atazame mshale mpaka achoke.

Walipofika juu, Mama Atu akasimama kuvuta pumzi. Akarudi mpaka dirishani kwangu. Akainama akatazama ndani, kwenye dashibodi.

"Halijachemka?"

"Halijachemka, shemeji. Mshale upo katikati."

"Pikapu ingekuwa imeshachemka." Akafunga mwamvuli. "Haya, toka hapo. Kaa upande wa pili unisikilizie injini. Baba Atu, kaa nyuma."

Haonga alikaa nyuma. Mama Atu akavuta kiti mbele, akajaribu klachi mara mbili, akaondoka. Alikwenda kwa dada yake, akanywa chai, akageuza, akashuka kona zile zote kwa mwendo wake, anaingia kila moja kama anayepita kwenye mlango wa nyumba ya mtu. Kwenye ule msalaba akapunguza, akalisoma jina kwa sauti. Akatuendesha hivyo hivyo mpaka Iyula.

Yule mtu wa Nakonde alikuwa amekaa kwenye benchi barazani, amekuja kwa basi, amejiandaa kurudi na gari. Akasimama. Akalitazama lilivyokaa chini, sawa mbele na nyuma, akatikisa kichwa kwa tamaa.

"Mama, hili sasa ni gari."

"Ndiyo," akasema Mama Atu. "Pole na safari. Haliuzwi. Lakini usitembee na hii mvua, nitakupeleka stendi Vwawa. Panda nyuma."

Mtu wa watu akamtazama Haonga. Haonga alikuwa amesimama upande wa usukani, kwa mazoea, mkono umenyooka kuelekea kitasa. Mke wake alikuwa hajashuka, ameshika usukani, anasubiri.

Nilikuwa nimeshabeba begi langu. Mimi kazi ikiisha naondoka, hata kama ni mvua. Nikaona Haonga akizunguka mbele ya gari lake polepole, akipitisha kiganja kwenye boneti. Akafungua mlango wa kushoto. Akakaa, magoti yakagonga dashibodi, maana kiti kilikuwa kimesogezwa mbele sana. Akapapasa chini, akapapasa pembeni. Miaka yote ile hakuwahi kukaa pale.

"Fundi," akaniita, "hiki cha huku kinarudishwaje nyuma?"